Vilima Kumi ni Mlima Mmoja

Ndugu msomaji, ukisikia habari za mbio za milimani, huenda ukasema: "Hayo ni mambo ya Kilimanjaro. Sisi Pemba hatuna mlima."

Ni kweli. Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895. Hapa Pemba hakuna kilima kinachofika hata mita 200. Lakini itazame njia unayopita. Magharibi ya kisiwa chetu ni vilima na mabonde. Juu kuna mikarafuu, chini kuna mpunga. Unapanda, unashuka, kisha unapanda tena.

Sasa tupige hesabu. Kilima cha mita 40 ni kidogo. Ukikipanda mara 10, umepanda mita 400. Miguu haiulizi kama ni mlima mmoja au vilima kumi. Inachoka vile vile.

Faida yake nini?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Mazoezi husaidia kuzuia shinikizo la damu na kisukari. Anayelima na kuchuma karafuu ana mazoezi yake. Lakini anayekaa dukani au ofisini kutwa, na kurudi nyumbani kwa pikipiki, anayapata wapi? Kilima kiko karibu naye, na hakina kiingilio.

Kupanda

Kosa la wengi ni kumaliza nguvu kwenye kilima cha kwanza. Vilivyobaki watavipanda kwa nini? Fupisha hatua. Inama mbele kidogo. Jaribu kusema maneno machache. Ukishindwa kwa kukosa pumzi, umezidisha mwendo. Punguza.

Kilima kikiwa kikali, tembea. Si aibu. Hata mabingwa wa mbio za milimani hutembea mahali pakali. Mwaka 2006 Mtanzania Simon Mtuy alipanda Kilimanjaro hadi kileleni na kushuka kwa saa 9 na dakika 21. Safari hiyo huwachukua wapandaji wengi siku tano au zaidi. Hakufika kwa pupa. Alikuwa ameuzoea mlima kwa miaka mingi. Mtu asiyeuzoea akijaribu kumwiga anaweza kufa, kwa kuwa huko juu hewa ni nyepesi.

Kushuka

Wazee walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kupanda kunachosha moyo na pumzi. Kushuka kunaumiza mapaja na magoti, kwa sababu miguu inafanya kazi ya breki. Ndiyo maana mapaja huuma zaidi siku ya pili au ya tatu.

Basi usijiachie. Piga hatua fupi na za haraka, magoti yakunjike kidogo. Tazama mbele ya miguu yako. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu huteleza, na mizizi huteleza zaidi. Siku hiyo shuka kwa kutembea.

Jua na maji

Hewa ya Pemba ina unyevu. Jasho halikauki upesi, kwa hiyo mwili haupoi upesi. Kimbia asubuhi kunapopambazuka, au jioni jua likipungua. Kunywa maji kila unaposikia kiu. Dafu nalo ni zuri.

Mwenzako akipata kizunguzungu au akianza kusema ovyo, msimkimbize tena. Mpelekeni kivulini. Mmwagieni maji mwilini na kumpepea, kisha mpelekeni kituo cha afya haraka.

Anza hivi

Kama una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari, muulize daktari kwanza. Kisha chagua kilima kimoja. Kipande na kukishuka mara nne kwa kutembea. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, na kati yake pumzika. Baada ya wiki mbili, kimbia sehemu isiyo kali. Kila wiki ongeza kidogo tu.

Nenda na mwenzako. Pisheni magari. Na wakati wa msimu, msikanyage majamvi ya karafuu yaliyoanikwa kando ya njia. Hiyo ni jasho la mtu.

Ndugu msomaji, kilima cha kwanza kitakuuliza una nguvu kiasi gani. Kilima cha mwisho kitakuuliza ulizitumiaje. Jitayarishe kukijibu cha mwisho.