Mto Ni Wetu Sote: Vile Utavua Kotile Bila Noma

Wasee wa Kotile, Masalani mpaka Garissa tao, hebu tubonge ukweli. Wengi wetu tumelelewa tukiona mto kama mahali pa kuteka maji na kunywesha mifugo, basi. Halafu ukame wa 2020 mpaka 2023 ukaja, mvua ikadinda misimu mitano mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Kuna wazee huku waliachwa na fimbo mkononi na boma tupu. Lakini Tana haikukauka, juu maji yake yanatoka mbali, Mlima Kenya na Aberdare, yanateremka kama kilomita 1,000 mpaka Kipini baharini. Na ndani kuna samaki. Kijana wa hapa anaweza kuvua apate raha, dishi na doo, na leseni ndiyo inafanya asimame pale mtoni kama mwenyewe, si kama mtu anajificha.

Besi ziko wapi

Usirushe ndoana katikati ya mto. Huko maji yanakimbia, yamejaa tope, na mkondo utabeba chambo chako kabla samaki akinuse. Saka kona zenye maji yametulia, pale laga inaingilia mto, na yale mabwawa mto umeacha nyuma ulipobadilisha njia, zile dhasheeg. Mvua za gu na deyr zikishika, mto unafurika, na samaki wanaingia nyandani kuzaana. Maji yakianza kurudi, wengi wanabaki kwenye mabwawa. Hapo ndio msimu wako.

Kambare ndiye mkubwa wa hapa. Anakaa chini, anakula karibu kila kitu, na anaweza kupumua hewa, ndio maana unampata hata kwenye bwawa limebaki tope. Tilapia anapenda maji yaliyotulia. Ukishuka huku delta, kuna kamongo, yule anajizika matopeni jua likichoma.

Kufika mtoni, tumia malka, zile njia mifugo imepitia miaka yote. Kama kati yako na maji kuna shamba la mtu, piga hodi, omba njia. Mifugo ikishuka, sogea kando, hao ndio wenye haraka. Ng'ambo ni kaunti ya Tana River, na Wapokomo wamevua haya maji vizazi na vizazi. Ukipata mzee Mpokomo amekaa na mgono wake, msalimie vizuri, keti, sikiza. Atakuonyesha kitu huwezi kuona kwa simu.

Ishaqbini iko hapa karibu, na ni nyumba ya hirola, swala adimu ambaye wengi waliobaki duniani wako huku karibu na mpaka wetu na Somalia. Hiyo ni hifadhi ya jamii. Usiingie na vifaa bila kubonga na maaskari wake wa wanyama. Na ukiskia mahali pako chini ya KWS, shirika la wanyamapori la serikali, uliza ruhusa kwanza.

Karatasi kwanza

Sheria inayoshika uvuvi Kenya ni ile ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, ndiyo ilileta Kenya Fisheries Service. Katiba ya 2010 nayo ilipea kaunti kazi ya uvuvi. Kwa hivyo usizunguke: panda nduthi mpaka ofisi za kaunti ndogo Masalani, ama shuka Garissa, uliza afisa wa uvuvi. Mwambie wazi unataka kuvua vipi. Msee wa mshipi mmoja wikendi na msee wa nyavu anayeuza hawaandikwi sawa. Ukitaka kuuza, uliza pia kuhusu BMU, kile kikundi cha wavuvi wa ufuo mmoja kilichowekewa kanuni 2007.

Beba kitambulisho. Najua hapa ndio vijana wengi wa North Eastern wamekwama miaka, wakipigwa msasa mara mbili kuliko Wakenya wengine. Februari 2025 rais alitangaza akiwa Wajir kwamba huo msasa wa ziada umefutwa. Kama bado huna kipande, anza na hicho, juu kitakufungulia mengi zaidi ya mto.

Malipo ya serikali kuu yanapitia eCitizen, paybill 222222. Ukilipa kaunti, dai risiti ya kaunti. Msee akikuambia umpee pesa mkononi mambo yaishe, kataa kwa heshima, uondoke.

Vifaa na roho safi

Mshipi, ndoana, chubwi, minyoo ama utumbo wa kuku. Inatosha kuanza. Nyavu za monofilamenti, sumu, umeme na baruti zimekatazwa na sheria. Neti ya mbu nayo iache kitandani. Ukizoa vifaranga leo, mwaka ujao mdogo wako atarusha ndoana kwenye maji matupu.

Mamba hana urafiki

Kambare anakula sana jioni, na mamba pia. Ndio maana mi nasema rauka ngware, lakini ngoja kupambazuke uone maji. Usisimame majini. Kaa hatua kadhaa juu ya ukingo, usirudi mahali pamoja kila siku, usioshee samaki pale unavulia, na usiende solo. Njia za kiboko ziache wazi, juu ukisimama kati yake na maji umeisha. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeweka fidia ya milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na wanyama kama hao. Hakuna mathe anataka hiyo pesa.

Sasa songa

Samaki hachinjwi, ni halali vile ametoka majini, na juu ya bariis na ndimu hakuna nyumba itakataa. Kwa hivyo kusanya mbogi ya wanne watano, msichana kwa kijana. Mwende ofisini pamoja, mjiandikishe pamoja, mnunue mshipi kwa mchango. Afisa akiona vijana wamekuja wenyewe kuuliza sheria, atajua huu mto una wenyewe. Na mkiwa wengi wenye karatasi, mtakuwa na sauti siku ya kubonga nani anachafua maji, nani anatumia sumu, na ufuo unahitaji nini.