Posho ya paka kwa siku: anza na kilo zake

Katika nyumba nyingi za Isingiro, wilayani Kyerwa, paka hula mwisho. Chungu cha ndizi na maharage kikishaepuliwa na watu wakishashiba, kinachosalia kwenye sahani ndicho chakula chake: vipande vya ndizi vilivyopoa, mchuzi kidogo na, ikiwa siku ya dagaa, vichwa. Siku nyingine hakisalii kitu, naye hulala hivyo hivyo. Ukimuuliza mwenye nyumba anampa paka kiasi gani, atakujibu kwamba kazi ya paka ni panya na akishiba hawindi. Naandika kwa sababu nakutana na paka wengi wenye matumbo makubwa na mbavu za kuhesabika, na matumbo hayo hayatokani na minyoo peke yake. Yamejazwa ndizi.

Paka ni mnyama wa kula nyama kwa maumbile. Mbwa anaweza kuishi miaka kwa ugali na makombo, na binadamu anaweza kuishi kwa maharage, kwa sababu miili yao ikikosa protini hupunguza kasi ya kuitumia. Ini la paka lina uwezo mdogo sana wa kupunguza kasi hiyo. Huendelea kuchoma protini kama kawaida hata pale inapokosekana kwenye chakula, na ikiisha tumboni hugeukia misuli yake mwenyewe. Ndiyo maana paka anayelishwa ndizi huanza kukonda mgongoni na mapajani huku tumbo likiwa limejaa.

Kuna jambo la pili, nalo lilichukua muda kufahamika hata kwa wataalamu. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani wakiongozwa na K. C. Hayes walionyesha kuwa paka akikosa kirutubisho kiitwacho taurini, ukuta wa nyuma wa jicho huharibika hadi akapofuka. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaonyesha kuwa upungufu huo huo hutanua moyo na kuudhoofisha, na kwamba paka wagonjwa wakipewa taurini mioyo yao hurudia nguvu. Baadhi ya paka hao walikuwa wakila chakula cha viwandani kilichosifiwa kuwa kamili, na baada ya hapo viwanda vikaongeza taurini kwenye mapishi yao. Taurini iko kwenye nyama, samaki, moyo na ini. Kwenye maharage haimo, kwenye ndizi haimo, wala kwenye unga wa mahindi. Vitamini A nayo paka hawezi kuitengeneza kutoka kwenye papai, karoti au mboga za majani kama tunavyofanya sisi. Lazima aipate ikiwa tayari, kwenye ini, kwenye yai au kwa samaki mdogo mzima.

Kwa hiyo swali la kiasi lina pande mbili: nguvu anayohitaji kwa siku, na sehemu ya nguvu hiyo itakayotoka kwa mnyama.

Tuanze na nguvu. Mpime paka kwanza. Mizani ya magunia kwenye kituo cha kupokelea kahawa ni kubwa mno, haisomi vizuri tofauti ya nusu kilo. Mizani ya duka la nafaka inatosha. Mtie paka kwenye kikapu chenye kifuniko, pima, kisha toa uzito wa kikapu. Paka wengi wa vijijini kwetu huangukia kati ya kilo 2.5 na 4. Vitabu vya lishe ya wanyama vina kanuni ndefu kidogo, kwa sababu paka mkubwa huhitaji nguvu pungufu kwa kila kilo kuliko mdogo, lakini kwa paka mzima wa chini ya kilo 5 njia ya mkato haikupotezi: kalori 60 hadi 70 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kalori ninazosema ni hizi tunazozitaja tunapozungumzia chakula cha watu. Aliyehasiwa, au anayeshinda ndani bila kazi, mpe 50 hadi 60. Paka wa kilo 3 anayezunguka shambani na ghalani anahitaji basi kama kalori 200.

Kiasi hicho ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Lakini kati ya kalori hizo 200, protini isipungue gramu 13, na hiki ni kiwango cha chini kabisa. Ningependa afike 20. Hapo ndipo sahani ya masalia inaposhindwa. Gramu 100 za ndizi za kupika zilizochemshwa zina kalori zaidi ya 100 na protini isiyozidi gramu 2. Anaweza kula hadi akashindwa kusimama na bado hajafika popote.

Mkombozi wetu ni dagaa wa Ziwa Victoria, wanaofika hadi minada na maduka ya Kyerwa na Karagwe wakiwa wakavu. Gramu 100 za dagaa waliokauka vizuri hubeba kalori kama 300 hadi 350, na zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Huliwa wazima, na mifupa, kwa hiyo kalisi imo. Nyama tupu isiyo na mfupa haina faida hiyo, na paka mchanga anayelishwa nyama tupu hupata mifupa dhaifu.

Wengi huniambia hawana mizani ya gramu. Haihitajiki. Nunua robo kilo ya dagaa, wamwage kwenye ungo, wagawe mafungu kumi yaliyo sawa kwa macho. Kila fungu ni gramu 25, yaani kalori kama 80 na protini gramu 13 au 14. Fungu moja ndilo linalomfikisha paka wa kilo 3 kwenye kile kiwango cha chini. Kalori 120 zinazobaki zinaweza kutoka kwenye ugali wa gramu 100, bonge la ukubwa wa mayai mawili ya kuku wa kienyeji. Uwezo ukiruhusu, mpe fungu moja na nusu na ugali upungue kufikia ukubwa wa yai moja na nusu. Kwa kipimo hicho robo kilo inaisha kwa muda wa wiki moja hivi, na mwenye nyumba anaweza kulinganisha gharama hiyo na debe la mahindi lililotobolewa na panya.

Namna ya kuwapika ina maana yake. Dagaa huanikwa, mara nyingi juu ya mchanga, kwa hiyo waoshe mpaka maji yatulie bila mchanga chini ya bakuli. Kisha wachemshe. Samaki wengi wadogo wa maji baridi, hasa wa jamii ya dagaa hawa, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na jua peke yake si moto. Paka anayekula samaki wabichi siku nyingi mfululizo huanza kuyumba, shingo huinama, mwisho hushikwa na degedege. Moto hukiua kimeng'enya hicho. Ila taurini huyeyuka na kuingia kwenye maji, basi supu ile usiimwage: songea ugali wake kwa supu hiyo au mmiminie juu yake. Faida nyingine ni maji yenyewe. Paka hunywa maji kidogo kwa asili, maana mawindo yake karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Anayekula vikavu tu, hasa dume, yumo hatarini kuziba mkojo.

Chakula hiki kipikwe kando, kabla vitunguu havijaingia chunguni. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, na mchuzi wa kila siku unatosha kumletea upungufu wa damu polepole. Unga ulioota ukungu usipelekwe kwake kwa kuwa watu wameukataa. Sumukuvu inayotokana na ukungu huo huumiza ini lake kama linavyoumia la mtu.

Yai moja la kienyeji lililochemshwa lina kalori kama 60, linaweza kuchukua nafasi ya karibu fungu zima la dagaa kwa nguvu ingawa protini yake ni nusu tu. Kipande cha ini cha ukubwa wa kidole gumba, mara moja kwa wiki, kinatosha. Ini la kila siku hulimbikiza vitamini A hadi mifupa ya shingo ikashikamana. Maziwa ni kitoweo cha heshima katika nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu, lakini paka mzima mara nyingi hukosa uwezo wa kuyasaga na huharisha. Na msimu wa senene, mwezi Novemba na Desemba, utamwona paka chini ya taa anawadaka kuliko watoto. Mwache. Wana protini na mafuta mengi. Siku hizo punguza ugali.

Sasa turudi kwa panya. Panya mdogo wa nyumbani ana kama kalori 30. Paka wa kilo 3 anayetegemea mawindo tu angehitaji kukamata sita au saba kila siku, mvua na kiangazi. Baada ya kuvuna mahindi na maharage anaweza kuwapata, lakini katikati ya msimu hawezi. Hapo huanza kuchukua vifaranga, au huhamia kwa jirani. Je, akishiba ataacha kuwinda? Mwaka 1976 mtafiti R. E. Adamec alionyesha kwamba paka aliyekuwa akila chakula anachokipenda aliacha sahani, akaua panya, kisha akarudi kula. Kuua na kula ni hamu mbili tofauti. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2021, uliona kuwa paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi walileta nyumbani mawindo pungufu kwa asilimia 36. Mfugaji wa Isingiro asifiche ukweli huo: paka aliyelishwa hivyo huwinda pungufu. Lakini karibu theluthi mbili ya mawindo ilibaki palepale, na tena paka aliyedhoofu kwa njaa hana mbio za kumpata panya wa shambani. Mimi ningemchagua aliyeshiba.

Makadirio huharibika zaidi kwa watoto na mama. Mtoto wa paka wa kilo 1 anahitaji kama kalori 175 kwa siku, karibu sawa na mama yake wa kilo 3, kwa sababu anajenga mwili. Watu humpa kijiko kimoja kwa kuwa ni mdogo. Apewe mafungu mawili ya dagaa waliosagwa au kupondwa, yagawanywe mara tatu au nne kwa siku, ugali uwe wa kuonja tu. Mama anayenyonyesha watoto wanne, wiki ya tatu na ya nne baada ya kuzaa, huhitaji mara mbili hadi tatu ya posho yake ya kawaida. Usimpimie. Mwekee hadi aache mwenyewe, na maji karibu.

Wanaonunua chakula cha pakiti mjini wasome nyuma ya pakiti. Chakula kikavu kingi kina kalori 350 hadi 400 kwa gramu 100, kwa hiyo paka wa kilo 3 hahitaji kupita gramu 60 kwa siku.

Baada ya wiki mbili za posho hii mpapase paka wako. Mbavu zisikike chini ya ngozi bila kubonyeza, zisionekane kwa mbali. Ukimtazama kutoka juu, kiuno kiwepo. Mbavu zikionekana ongeza sehemu ya kumi ya posho, hasa upande wa dagaa, na umpe dawa ya minyoo. Kiuno kikipotea punguza sehemu ya kumi, uanzie kwenye ugali. Usimshindishe njaa paka mnene ili akonde. Paka mnene asiyekula siku mbili au tatu mafuta hukimbilia kwenye ini na anaweza kufa, kwa hiyo paka yeyote mzima aliyegoma kula siku mbili apelekwe kwa daktari wa mifugo, na mtoto wa paka asingojewe hata siku moja.