Mchuchumio: Kiatu Kinavyorefusha Mguu Machoni

Kuchuchumia ni kusimama kwa ncha za vidole ili mkono ufikie kilicho juu: sufuria ya rafu ya mwisho, embe la tawi la pili. Waswahili walipoona kiatu kinachomweka mtu katika mkao huo kutwa nzima, wakakiita mchuchumio, na jina likakaa. Wapo wanaokiita skuna. Mimi napenda lile la kwanza kwa sababu linasema kiatu kinafanya nini.

Je, wajua kwamba kisigino cha sentimita 10 hakimwongezei mtu urefu wa sentimita 10? Chukua ubao, uweke sakafuni, kisha inua ncha moja. Ncha imepanda, lakini katikati ya ubao hapajapanda kiasi hicho. Unyayo wetu ndio ubao huo. Kisigino kinapanda, vidole vinabaki chini, na kifundo cha mguu, ambacho ndicho kinachobeba mwili wote, kiko mahali fulani katikati. Kwa unyayo wa kawaida wa mwanamke, kisigino cha sentimita 10 humpandisha takriban sentimita 6 au 7 tu. Zilizobaki hazionekani kwenye urefu wake.

Hata hivyo mtu aliyevaa mchuchumio huonekana kapata zaidi ya hizo 6 au 7. Tukitaka kujua ziada hiyo inatoka wapi, tuanze na neno mguu. Katika Kiswahili cha kila siku, mguu ni kuanzia pajani hadi kwenye kucha. Muundi, kifundo, wayo na vidole vyote ni mguu. Jicho haliko hivyo. Mtu akisimama peku, jicho linashuka na muundi, linafika kwenye kifundo, kisha linakuta wayo umekunja kona kuelekea mbele, na hapo linahesabu kwamba mguu umekwisha. Mchuchumio unainyoosha ile kona. Sehemu ya juu ya wayo inalala karibu katika mstari mmoja na muundi, na jicho linaendelea kushuka mpaka kwenye ncha ya kiatu. Sentimita kadhaa zilizokuwa za wayo zimehesabiwa kuwa za mguu. Wakati huohuo shavu la mguu linajikaza na kupanda juu, na chini yake panabaki pembamba. Ule mguu unaosifiwa mitaani kuwa mguu wa bia, kiatu kinaweza kumkopesha hata asiyezaliwa nao.

Mdogo wangu alipokuwa anajiandaa kwa sendofu yake, alikuwa na jozi mbili kitandani. Moja nyeusi, yenye ukanda unaozunguka kifundo. Nyingine ya kahawia iliyoiva, karibu sawa na ngozi yake, iliyo wazi juu mpaka karibu na mizizi ya vidole. Nilizipima kwa futi ya fundi cherehani, visigino vyote vilikuwa sentimita 7. Akavaa nyeusi, akasimama mbele ya kioo. Shangazi alikuwa ameketi pembeni, akasema, “Hivyo vinakukata miguu, mwanangu. Hebu tuone vile vingine.” Akabadilisha. Sikutarajia tofauti iwe kubwa kiasi kile. Kimo chake kilikuwa kilekile, kisigino kilekile, lakini miguu ilikuwa kama imeshushwa kutoka juu zaidi.

Shangazi hajasoma saikolojia, lakini neno lake, kukata, ndilo hasa. Mwaka 1923 Max Wertheimer, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Ujerumani, alieleza namna macho yetu yanavyokusanya vitu: vinavyofanana rangi tunaviona kuwa kitu kimoja, na mstari unaoendelea vizuri tunaufuata bila kusimama. Ukanda mweusi juu ya kifundo ni mpaka. Jicho linafika pale, linasimama, linafunga hesabu. Kiatu cha rangi ya ngozi hakina mpaka, kwa hiyo hesabu inafungwa sentimita kadhaa chini zaidi. Kabla yake, mwaka 1889, Mjerumani Franz Müller-Lyer alichora mistari miwili yenye urefu sawasawa. Mmoja akautia vishale vinavyofunguka nje kwenye ncha zake, mwingine vinavyorudi ndani. Wengi wanaoitazama husema wa kwanza ni mrefu zaidi. Hakuwa akifikiria viatu hata kidogo, lakini alionyesha kwamba jicho hupima mstari kwa kuangalia kilicho mwishoni mwake. Huenda ndiyo maana ncha iliyochongoka huusindikiza mguu mbele kidogo, na ncha ya mviringo huufunga.

Hapa kwenye rangi lipo jambo linaloniuma. Kwa miaka mingi viatu vilivyouzwa duniani kama vya “rangi ya ngozi” vilikuwa vya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Dada mweusi akinunua jozi hiyo kwa kusikia kwamba inarefusha mguu, anapata kinyume chake: ukingo wa kiatu unang’aa juu ya ngozi yake kama chaki, na mguu unakatwa palepale. Wanaojua hili kwa uchungu kuliko wote ni wacheza baleti. Katika baleti, viatu na soksi ndefu za waridi vilichaguliwa ili mstari wa mguu usikatike kuanzia nyonga hadi ncha ya kidole, lakini usikatike kwa mwili mweupe. Dance Theatre of Harlem, kundi lililoanzishwa New York mwaka 1969 na Arthur Mitchell na Karel Shook, liliachana na waridi katika miaka ya 1970. Wachezaji wake wakavaa soksi na viatu vilivyopakwa rangi vifanane na ngozi ya kila mmoja. Viatu vyenyewe vilikuwa vya waridi, wakakaa na vipodozi vya uso wakivipaka jozi moja baada ya nyingine. Ilibidi ifike 2018 ndipo kiwanda cha Freed of London, kwa kushirikiana na kundi la Ballet Black, kikaanza kutengeneza viatu vya kuchezea kwa ncha za vidole katika rangi za kahawia. Zaidi ya miaka 40 ya kupaka kwa mkono, kwa jambo ambalo kiwanda kingelimaliza kwa kubadilisha kitambaa!

Kisigino chenyewe hakikuanza kwa wanawake. Wapanda farasi wa Uajemi walikivaa ili mguu usiteleze kutoka kwenye kikuku cha tandiko, na wanaume wa Ulaya wakakiiga kuanzia mwanzoni mwa karne ya 17. Picha mashuhuri ya mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, iliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701, inamwonyesha mzee aliyevuka miaka 60 ametanguliza mguu mmoja mbele, amevaa soksi ndefu nyeupe na viatu vyeupe vyenye visigino vyekundu. Tazama rangi: soksi na kiatu havina mpaka. Mfalme yule, au mchoraji wake, alijua analojua shangazi yangu.

Kule Venisi, karne ya 16, wanawake wenye uwezo walisimama juu ya viatu vya jukwaa ambavyo ni bibi wa raizoni zetu za miaka ya 1970. Jozi chache zilizosalia katika makumbusho zinakaribia nusu mita. Havikunyoosha kona ya kifundo kama mchuchumio unavyofanya, kwa kuwa vilimwinua mtu unyayo mzima. Kazi ilimaliziwa na gauni: lilishuka hadi sakafuni, likafunika jukwaa lote, na macho yakahesabu kila kilichofunikwa kuwa ni mguu. Pwani yetu nayo ilikuwa na mtalawanda, kiatu cha ubao chenye msuruaki, kile kijiti kinachobanwa kati ya kidole gumba na cha pili. Huo ulivaliwa hasa kuepuka maji na matope ya uani, urembo ukija baadaye.

Kisa ninachokipenda zaidi kinaanzia Ethiopia. Oktoba 1935 Italia iliivamia nchi hiyo, na Shirika la Mataifa likaiwekea Italia vikwazo vya biashara. Chuma kizuri kikawa adimu. Huko Florence, fundi viatu Salvatore Ferragamo, aliyekuwa amesomea maumbile ya wayo wakati anaishi Marekani, akakosa ule ukanda wa chuma unaofichwa chini ya uwazi wa unyayo ili kiatu cha kisigino kirefu kisivunjike katikati. Akachukua magome mepesi ya koki kutoka Sardinia, akajaza nafasi yote kati ya soli na kisigino. Ndivyo kilivyopatikana kiatu cha soli nene inayopanda mfululizo, ambacho leo kila binti wa mjini anacho kwa sababu hakizami kwenye mchanga wala kwenye nyasi za bustani ya harusi. Kisigino chembamba kama msumari kilingoja mpaka miaka ya 1950, mafundi walipopitisha nondo ya chuma ndani yake.

Nacho kina gharama. Mtu wa kilo 60 akikanyagia kisigino kimoja chenye ncha ya sentimita moja ya mraba, kilo zote 60 zinaangukia hapo. Tembo wa tani 4 husambaza uzito wake juu ya nyayo nne pana, na kila sentimita ya mraba hupata chini ya kilo moja. Sakafu ya mbao inalijua hilo. Mwili nao unalijua. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza na Austria walipima wanawake waliovaa visigino virefu karibu kila siku kwa miaka isiyopungua 2, wakakuta nyuzi za misuli ya shavu la mguu zimefupika kwa asilimia 13 hivi, na kano inayoungana na kisigino imekuwa nene na ngumu zaidi. Walikuwa wakisumbuka wakitembea bila visigino hivyo. Mwili ulikuwa umeamini kwamba kuchuchumia ndiko kusimama.

Sioni haja ya kufika huko. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Poland, Sorokowski na Pawłowski, waliwaonyesha watu picha za miili yenye miguu ya urefu tofauti. Iliyopendwa ilikuwa mirefu kuliko wastani kwa asilimia 5 tu, na iliyorefushwa kupita kiasi ikashuka chati. Kwa mtu mwenye miguu ya sentimita 80, asilimia 5 ni sentimita 4, na hizo anazipata kwa kisigino cha sentimita 6. Rangi na mkato wa kiatu vitafanya mengine, tena bila kugusa kano yake. Hata kiatu bapa, kikiwa wazi juu na rangi yake ikikaribia ya ngozi, kinaweza kumsaidia mfupi kuliko mchuchumio mrefu uliofungwa ukanda kifundoni. Wanaume mnajua mlango wenu: suruali, soksi na viatu vya rangi moja.

Kwa hiyo ukienda sokoni Mchikichini au Gikomba kutafuta jozi ya harusi, mwombe muuzaji akupishe hatua nne, mwenzako akupige picha ya mwili mzima huku ameshika simu usawa wa kiuno chako, kwa sababu ikishikwa chini sana hurefusha miguu ya kila mtu na kukudanganya. Piga kwa kila jozi, kisha zilinganishe. Na nenda alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za mchana. Kiatu kinachokubana saa kumi dukani kitakubana zaidi saa nne usiku ukumbini.