Kitenzi cha Martha na cha Paulo

Kitenzi cha Kigiriki sunantilambanomai kimo mara 2 tu katika Agano Jipya. Martha, aliyezidiwa na shughuli za kukirimu wageni, anataka Yesu amwambie dada yake Mariamu aje amsaidie (Luka 10:40). Paulo anakitumia kwa Roho anayetusaidia katika udhaifu wetu (Warumi 8:26).

Kwa kuwa ni kirefu, wahubiri hupenda kukikatakata: sun ni “pamoja”, anti ni “dhidi ya”, lambano ni “shika”. Kisha tunachorewa gogo, Roho kashika ncha hii, sisi ile. Picha inavutia, lakini sarufi haiiungi mkono. Maana ya msingi ya anti ni “mkabala na”. Tena, antilambanomai kilikuwa kitenzi kamili kabla sun haijapachikwa: kushika kitu, na kutokana na hapo, kumshika mtu mkono, yaani kumsaidia. Sun iliongezwa juu ya neno zima. Haisemi mzigo umegawanywa nusu kwa nusu.

Utajiri wa neno hili umo mwishoni mwake. Lambano, katika kauli ya kutenda, ni kutwaa. Kiishio -omai ni cha kauli ya kati, ambamo mtendaji mwenyewe anaguswa na tendo lake. Hapa anajishikiza kwa anayesaidiwa. Sun nayo inamweka huyo wa kusaidiwa katika uhusika wa mpewa. Martha anasema moi, “kwangu”. Kwa Paulo, udhaifu wetu wenyewe ndio unaochukua nafasi hiyo.

Njeo nazo zatofautiana. Paulo ameandika sunantilambanetai, wakati uliopo: msaada unaendelea. Martha anasema sunantilabētai. Shina limefupika, irabu imerefuka kuwa ē, kwa sababu hili ni ombi linalofuata hina, “ili”, nalo latazama tendo kwa ujumla wake: Mariamu ainuke, asaidie.

Mzigo wa kweli uko katika Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale ambayo Paulo aliifahamu vyema. Katika Hesabu 11:17, kitenzi hikihiki kinatumika kwa wazee 70 watakaomsaidia Musa kuwabeba watu, asiwabebe peke yake. Huko wazo la mzigo linatokana na maneno ya kubeba yanayokizunguka kitenzi, na mzigo huo ni wa Musa aliyekwisha kulalamika kwamba umemshinda.