Kamba ya Shingoni

Wiki ya kwanza chuoni nilikuwa na kamba mbili za kitambulisho: moja ya chuo, nyingine ya bure yenye nembo ya kampuni. Nikachagua ya bure kwa rangi zake. Nikawa bango linalotembea, bila hata kulipwa!

Kamba hizi zina kazi nyingi. Hosteli tunafungia funguo na fleshi. Mikutanoni zinaonyesha nani mgeni, nani mhudumu. Kule juu Kilimanjaro, ukiwa na glovu nene, filimbi iliyoning'inia shingoni haidondoki.

Lakini jioni moja nashuka daladala hapa Moshi, kamba ikanasa mlangoni. Konda keshagonga bodi, gari linaondoka. Nilivutwa shingo mpaka ndoano ya kitambulisho ikang'oka.

Ndipo nikajua: kamba nzuri ina kibanio cha plastiki nyuma ya shingo, kinachoachia chenyewe kikivutwa kwa nguvu. Ile ya bure haikuwa nacho.

Ndugu msomaji, kagua yako leo. Kama haina, ukipanda boda au daladala ivue, tia mfukoni. Tangazo la mtu lisikunyonge.