Picha ya Tumboni Inayopigwa kwa Sauti

Leo tuzungumze kuhusu skani, ile picha ambayo mama mja mzito huambiwa na nesi aende akapigwe. Akina mama wengine husitasita. Wanasema miale ya mashine itamchoma mtoto tumboni. Basi tuanze na woga huo.

Skani si eksirei. Eksirei hutumia miale. Skani hutumia sauti. Sikio la binadamu husikia sauti inayotetemeka hadi mara 20,000 hivi kwa sekunde. Ile ya skani hutetemeka mara milioni kadhaa, kwa hivyo hata ukitega sikio hutaisikia. Mhudumu akikupitishia kile kifaa tumboni, kinatoa sauti hiyo, kisha kinanyamaza kungoja mwangwi. Ni kama ukipaza sauti bondeni, kilima cha ng'ambo kinakujibu. Mwangwi ukirudi upesi, kitu kiko karibu. Ukichelewa, kiko mbali. Mashine hupima muda huo na kuchora picha. Mfupa hurudisha sauti nyingi, kwa hivyo huonekana mweupe. Maji ya uzazi huiacha ipite, nayo huonekana meusi. Na yale mafuta baridi unayopakwa? Ni jeli ya kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, maana sauti hii ikikutana na hewa hurudi karibu yote kabla haijamfikia mtoto.

Daktari Ian Donald na wenzake huko Glasgow, Uskoti, waliandika juu ya picha hizi mwaka 1958, kwa ufundi uliokuwa ukitafuta nyufa ndani ya vyuma viwandani. Tangu hapo wajawazito wengi mno wamepimwa, na haijaonekana kwamba skani ikifanywa ipasavyo humdhuru mtoto.

Wengi hukimbilia kuuliza kama ni mvulana au msichana. Hilo si kubwa. Kubwa ni kondo la nyuma limekaa wapi. Likiziba mlango wa kizazi, mama anaweza kutokwa na damu nyingi bila maumivu yoyote, na kujifungua kwa njia ya kawaida ni hatari kwake na kwa mtoto. Huyu anahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji, na ni heri ajue mapema ili apange nauli. Lakini ukiambiwa mwezi wa tano kwamba kondo liko chini, usife moyo. Mara nyingi hupanda kizazi kinapokua, ndiyo maana utaitwa tena karibu mwezi wa nane.

Skani pia huonyesha mapacha, na umri wa mimba. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza skani moja kabla ya wiki 24. Ukingoja mwezi wa tisa, tarehe inaweza kukosewa kwa wiki mbili au tatu.

Ukitokwa na damu, usingoje siku ya skani. Nenda hospitali saa hiyo hiyo na karatasi zako, na mtu yeyote asikupime kwa vidole ukeni kabla haijajulikana kondo liko wapi.