Ninja ya safari: injini kubwa zaidi, hospawa pungufu

Ni nadra kampuni ya pikipiki kutoa toleo jipya lenye nguvu pungufu kuliko lililotangulia. Kawasaki imethubutu. Ninja 1100SX, toleo la mwaka 2025 lililorithi nafasi ya Ninja 1000SX, ina injini ya silinda 4 iliyokuzwa kutoka cc 1,043 hadi 1,099, lakini hospawa zake zimeshuka kutoka 142 hadi 136.

Sheria imechangia. Kanuni za Ulaya za Euro 5+, ambazo tangu Januari 2025 zinahusu pikipiki zote mpya, zinataka usafi wa moshi udumu hata chombo kikizeeka. Njia mojawapo ya kuzitii bila kuiua injini ni kuikuza na kuipunguzia pupa ya mizunguko. Kipenyo cha silinda kimebaki mm 77. Mwendo wa pistoni ndio uliorefushwa, kutoka mm 56 hadi 59. Sasa nguvu ya juu hupatikana kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika, si 10,000 tena, na msukumo umepanda kidogo, Nm 111 hadi 113, tena huja mapema zaidi.

Mnunuzi hajapunjwa. Pikipiki hii ni ya mtu mwenye abiria nyuma, mabegi pembeni na safari ndefu mbele yake, na mtu huyo hafiki mizunguko 10,000 ila kwa utundu. Gia ya 5 na ya 6 zimerefushwa ili injini itulie kwenye barabara kuu. Kubadili gia bila kushika klachi sasa kunawezekana kuanzia mizunguko 1,500, yaani hata kwenye foleni za mjini.

Hesabu za biashara nazo zinaeleweka. Soko la pikipiki za safari zenye mwendo wa mashindano limenywea. Honda ST1300 na Yamaha FJR1300 zilishaondoka Ulaya, na wateja wengi wamehamia kwenye pikipiki ndefu za njia zote, kama BMW GS. Kutengeneza injini kwa ajili ya kundi dogo namna hii ni hasara, kwa hiyo Kawasaki imeifunga injini hiyohiyo kwenye Versys 1100.

Ubahili unaonekana pia. Rada ya kupima umbali wa gari la mbele, ambayo Kawasaki yenyewe iliiweka kwenye Ninja H2 SX ya mwaka 2022, hapa haipo, na kioo cha kukinga upepo bado kinapandishwa kwa mkono. Mwenye fedha zaidi anauziwa toleo la SE, lenye breki za Brembo na shokapu ya nyuma ya Öhlins. Mimi ningeilipia SE kabla ya kuidai rada: breki na shokapu hufanya kazi kwenye kila kona, na abiria akipanda, springi ya nyuma hukazwa kwa kuzungusha kitasa, bila kutafuta spana.